Gari ya Viti Saba

Mjukuu wangu Thuwaiba,

Marahaba. Hapa Kiembe Samaki tu wazima, ila macho ya babu yako yanazidi kufifia. Unaniuliza mnunue gari ya viti vitano au saba, na mumeo anasema vitano vinatosha kwa kuwa mama yake hatoki.

Babu yako naye alisema hivyo hivyo juu ya mama yangu, tukanunua ya vitano. Siku dada yake mama alipofariki Nungwi, gari ilijaa. Tukamwambia mama, "Subiri, itarudi kukuchukua." Tulipofika, jeneza lilikuwa tayari, na maiti haicheleweshwi. Niliporudi na gari nilimkuta mama kakaa barazani na buibui lake, mkononi kashika marashi ya kumnyunyizia dada yake.

"Washamzika?"

"Washamzika, mama."

Akaingia ndani, akavua buibui. Hakutulaumu hata siku moja, wala gari ile hakuipanda. Alipotoka tena nyumba ile, alibebwa mabegani.

Nunueni ya viti saba, mwanangu. Mkweo hatakwambia kama anataka kwenda.

Bibi yako,
Zuwena