Jicho la Mnana Si la Bibi

Chumba cha nyuma,
Nyumbani.
Alhamisi, tarehe 9, saa tisa alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa salamu, na mwalimu wetu wa Kiswahili angenikata alama hapa hapa, lakini nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Najijua. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: lile jicho la yule ndege, mnana, kwenye kadi uliyoibandika kwenye friji yako, si la Bibi. Nimelichora mimi. Na la yule shore wa kabla yake. Na ya wale tetere wawili wa mapacha wako.

Haya, nimeshaandika, na kalamu ni ya wino.

Sasa salamu. Hamjambo huko? Kifundo cha mguu kimepona? Baba alituambia uliteleza kwenye ngazi za ofisini, halafu ukaamka ukaendelea kumgombeza mtu uliyekuwa ukimgombeza. Tulicheka, samahani. Sisi huku tupo. Baba anakarabati majokofu ya mtaa mzima, huku letu wenyewe linanguruma kama trekta. Mama amebadilishiwa zamu kule kiwanda cha mikate, anatoka kabla hatujaamka, na akirudi anasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Mimi nasoma. Darasani bado siongei. Kwenye ripoti, mwalimu wa historia aliniandikia neno moja tu, "Yupo."

Bibi hajambo ukimwangalia. Hapo ndipo penye shida.

Wewe uliondoka kabla sijaanza kumsaidia kadi zake, kwa hiyo hujui tunavyogawana kazi. Mimi nakata karatasi ya manila kwa wembe na rula, nakunja, nakoroga rangi kwenye visahani, nachora tawi. Bibi anachora ndege. Na ndege lazima awe amekuja uani kwetu wiki hiyo hiyo, hataki wa kukumbuka wala wa kwenye kitabu. Nyuma ya kadi tunaandika alikaa wapi na siku gani: ukutani, Ijumaa; kwenye kishikio cha ndoo, Jumapili. Jicho linakuja mwisho kabisa, nalo ni la Bibi peke yake. Tone jeusi, halafu ncha ya sindano yenye rangi nyeupe, doa dogo la nuru. Kabla ya hapo husema, "Huyu bado ni karatasi. Ngoja nimwamshe."

Mwaka jana nilianza kumchorea umbo kwa penseli, kwa sababu alisema mgongo unamuuma. Halafu mabawa. Halafu mkia. Kila mara alikuwa na sababu, na zote zilikuwa sababu nzuri. Ikafika mahali Bibi anajaza rangi ya kifua tu, na kuweka jicho.

Siku ya kwanza jicho lilipokosea njia, nusura nicheke. Lilikuwa la shomoro, na lilitua chini ya mdomo, ungedhani anaokota mbegu. Bibi akaweka na nuru yake nyeupe pembeni, kwenye hewa tupu. Akaegemea nyuma, akakunja mikono. "Vipi, ananiangalia?"

Shangazi, ungesema nini? Mimi nilisema, "Anakuangalia, Bibi."

Alipokwenda kuoga nikalilainisha lile tone kwa brashi yenye maji, nikakwangua kidogo kwa wembe, nikaweka jicho mahali pake. Tangu siku hiyo ndiyo kazi yangu. Karatasi ikichubuka nachora ndege mpya mzima, kifua na vyote. Nimekuwa hodari, sisemi kwa majivuno, hata Bibi mwenyewe akishika kadi iliyokauka huipapasa akasema mkono wake bado upo.

Halafu Jumapili ile ukapiga simu, ikawekwa sauti ya juu wote tusikie, ukasema, "Mama, huyu mnana wako ananifuata kwa macho mpaka kwenye sufuria!" Bibi alicheka akapiga paja. Wiki nzima alikuwa akimsimulia kila anayepita, mpaka mpiga pasi wa kona. Mimi nilikwenda chooni nikafungulia maji, nikakaa tu.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili, na tafadhali usiishie hapa ukakasirika, soma mpaka chini.

Wakati wa likizo nilimpeleka Bibi kliniki. Alisema anataka miwani mipya, basi, hakuna haja ya kuwasumbua watu wazima. Siku hiyo alikuwepo yule daktari mgeni wa macho anayekuja kila baada ya miezi mitatu. Kiswahili chake ni "karibu" na "pole". Nesi wa kutafsiri alikuwa nje anaita namba, akanitazama sare yangu ya shule (niliivaa maana ndiyo nguo yangu nzuri) akasema, "Wewe si unasoma? Mtafsirie bibi yako."

Mimi, ambaye hata kusema "present" wakati wa kuitwa majina sauti inakwama.

Daktari alimulika macho ya Bibi muda mrefu. Kisha akazungumza taratibu, akinitazama mimi. Alisema jicho la kushoto limekwisha. Alisema la kulia linaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa, kwa matone kila siku na upasuaji mdogo akirudi safari ijayo. Safari ijayo, siyo ile ya baada yake. Ugonjwa wenyewe nilijua jina lake kwa lugha ya shule tu, tulifundishwa kwenye biolojia na nikapata alama zote. Baadaye nesi ndiye aliyeniambia watu huuita presha ya macho. Daktari akasema nimweleze Bibi yote, nisiache neno.

Bibi alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani, amevaa hereni zake za kutokea. "Anasema nini huyu? Mbona amekunja uso kama aliyekalia mwiba?"

Nikafungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, naapa. Yalijipanga kabisa. Nikasema, "Anasema macho yamechoka, Bibi. Uyapumzishe."

"Si nilisema! Miaka yote hii nakodolea ndege, yasichoke yana nini?" Akampa daktari mkono. "Mwambie ahsante. Mwambie nitamchorea kadi."

Hilo nililitafsiri sawasawa. Daktari aliona Bibi anacheka, akaniuliza kama ameelewa. Nikamjibu ndiyo, ameelewa. Kwa hiyo nilidanganya kwa lugha mbili ndani ya dakika moja.

Matone nampa, asubuhi na jioni, hilo sijakosa hata siku moja. Anajua ni ya kuburudisha. Lakini karatasi ya upasuaji niliyopewa, ambayo lazima Bibi aikubali mwenyewe na mtu mzima wa nyumbani aweke sahihi, bado iko ndani ya kitabu changu cha jiografia. Na daktari anarudi Jumatatu hii.

Nimejaribu kwa Baba. Mara ya kwanza ilikuwa mezani. Nikasema, "Baba, Bibi..." Akasema, "Bibi amefanyaje?" Wote wakanigeukia, na mimi nikasema, "Anaomba chumvi." Bibi akapokea chumvi ambayo hakuiomba, akashukuru. Mara ya pili nilimfuata Baba nje akiwa ameingiza kichwa ndani ya jokofu la mtu, nikasimama nyuma yake nikimshikia tochi, nikashika tochi mpaka kazi ikaisha. Mara ya tatu nilitoa sauti kabisa. Nilisema, "Baba, nafikiri Bibi haoni vizuri." Unajua alifanya nini? Alichukua kadi kwenye rafu, ya shore mwingine, akaniletea puani. "Mtu asiyeona anachora hivi? Huyu mama ana macho kunishinda mimi. Hebu niambie, hili ni jicho la mtu asiyeona?"

Kidole chake kilikuwa juu ya jicho langu. Nikasema hapana, Baba.

Sasa nakwambia lililonifanya nishike kalamu. Jumanne tulikuwa uani, Bibi kwenye kiti chake, mimi naanua nguo. Akaninyamazisha kwa mkono. "Usitikisike. Mwone tetere pale kambani, alivyojikunyata. Huyo ana homa huyo." Nikatazama. Ilikuwa soksi ya Baba, ile ya kijivu, moja, imebanwa na kibanio cha mbao. Upepo ulikuwa unaitikisa kidogo. Bibi alianza kuongea nayo kwa sauti ya chini, kama anavyoongea nao siku zote. "Pole, mama. Pole. Hakuna atakayekugusa."

Nilisimama na shuka mikononi mpaka mikono ikafa ganzi. Sikuweza kuitoa ile soksi. Ningeitoa vipi? Angesema karuka, akafurahi kuwa kapona.

Akamchora jioni ile ile. Mimi nilichora kamba tu, safari hii alitaka kila kitu afanye mwenyewe kwa sababu huyu alimwonea huruma. Nyuma akaniambia niandike, nikaandika: kambani, Jumanne. Akasema hii ni ya kwako, Shangazi, kwa ajili ya mguu wako.

Imo humu ndani ya bahasha. Ukiifungua utaona tope la rangi ya kijivu, na tone jeusi karibu na ukingo wa kadi, mbali na kila kitu. Hilo ndilo jicho. Nimeliacha alipoliweka. Nilishika wembe, nikauweka chini. Hii ndiyo kadi pekee ya mwaka huu ambayo ni ya Bibi kweli, na nimeona wewe uione, kwa sababu Baba hamsikilizi mtu duniani isipokuwa dada yake.

Nilidhani ukiipata utapiga simu, utamfokea Baba kama unavyojua kumfokea, na Jumatatu watakwenda wote, na mimi sitahitaji kusema chochote. Ndivyo nilivyopanga. Nimeandika kurasa zote hizi kwa mpango huo. Sasa hivi tu, nilipotaka kuandika anwani yako kwenye bahasha, nikakumbuka barua yako ya mwisho ilichukua siku kumi na moja.

Nimehesabu mara mbili. Leo ni Alhamisi.

Utaniuliza kwa nini nisipige simu. Simu ni ya Baba na haitoki mfukoni mwake, na ukipiga Jumapili Bibi huwa ameikalia karibu kama anayeota moto. Na hata ningepewa peke yangu, wewe mwenyewe unakumbuka siku ya kuzaliwa kwako, ulisema "Haloo, haloo, nani anayepumua?" Alikuwa ni mimi. Kwenye karatasi nina maneno mengi, unaona mwenyewe, yanafurika. Mdomoni sijui yanakwenda wapi. Sijui nifanye nini, Shangazi. Sijui kabisa. Kila nililomfanyia Bibi nililifanya kwa kumpenda, na kila moja limemfungia mlango.

Nisalimie mapacha, na mdogo wao Bonge, mwambie meno ya mbele yakiota aninong'oneze kwa simu mimi wa kwanza. Msalimie mumeo, Bwana Reli, mwambie Bibi bado anamwita hivyo ingawa alishahamia kazi ya mabasi. Mama anakusalimia, au angekusalimia kama angekuwa macho. Mungu awatunze mlipo, aukaze mguu wako, na akupunguzie hasira utakapoipata hii.

Nilikuwa nataka kufunga hapo, lakini Bibi anakuja. Namsikia kwenye ukumbi: ndala, kisha kiganja ukutani, ndala, kisha kiganja. Amepita mlango wa jikoni. Hapo huwa anatulia kidogo kutafuta kizingiti kwa kidole cha mguu.

Nilishaweka daftari juu ya karatasi hii. Nimeliondoa. Namficha nani? Hata nikiishika mbele ya pua yake haitamwambia kitu.

Ataniuliza naandika nini. Uongo wa haraka sina, leo umeniishia. Nitasema barua ya Shangazi, na yeye atavuta kiti aseme, "Haya, nisomee," maana hapendi barua ifungwe kabla hajaisikia na kuongeza salamu zake mwenyewe. Kusoma naweza. Darasani pia, nikipewa kitabu mkononi, sauti hutoka. Nitasoma kilichoandikwa tu, bila kuinua kichwa.

Nimemwachia mistari mitatu chini ya jina langu. Ukiikuta mitupu, usidhani amekusahau.

Ameshika kitasa.

Mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda hata nisiposema,
Kimya