Karafuu ya Oindrila

Jumatatu, 12 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wote wa Jadavpur ni maji. Nimefika maabara viatu mkononi, sari imelowa hadi magotini.

Nimeitwa. "Tutul!" – pale koridoni karibu na sinki. Sauti yake kabisa, na kile kicheko kinachoanza kabla jina halijaisha. Nimegeuka. Hakuna mtu. Hapa wote huniita Madhurima. Tutul ni jina la nyumbani, na maabara nzima alilijua Oindrila, mwenzangu wa kazi, peke yake. Homa ya dengi ilimchukua mwaka jana, mwezi kama huu. Koti lake jeupe bado liko msumarini, hakuna anayethubutu kuliondoa.

Labda ni kwa sababu leo nimepima dawa yake. Aliiunda mwenyewe, miaka mitatu ya kuunguza vidole, akafa bila kujua kama inaishika DNA au la. Unga uliobaki ni wa ncha ya kijiko. Nimetumia hata maji yake ya chumvi, chupa ile ile yenye mwandiko wake. Nilitaka iwe kazi yake mwanzo hadi mwisho.

DNA tupu hukunjuka joto likifika nyuzi sitini. Ikiwa na dawa yake – sabini na mbili! Imeshika! Nimelia mbele ya mashine kama mjinga.

Jumatano, 14 Septemba

Mara ya pili. Sabini na mbili tena!

Maji ya chumvi yamekwisha. Nimeisuuza chupa, nikaiweka dirishani. Kaustav wa meza ya pili kanikuta naisemesha. "We Madhurima, ikikujibu niite, hiyo ndiyo makala ya kuandika." Mshenzi. Lakini nimecheka, na nilikuwa nimesahau kucheka.

Profesa Sanyal, mkuu wetu, hakucheka. Kavua miwani, kafuta macho. Kasema mara mbili zinatosha, Jumapili ni kumbukumbu ya mwaka, atamwambia baba wa Oindrila. Mzee wa watu hana kingine cha kushikilia. Nikasema desturi yetu ni mara tatu, Profesa. Kanitazama kana kwamba nimemtukana marehemu.

Alhamisi, 15 Septemba

Bibi alikuwa anakunja tambuu zake. Kaniuliza kazi gani hii inayonikondesha. Nikamwambia ni hiyo hiyo yako, Bibi! Ncha ya uzi wa DNA hujikunja kama tambuu. Seli ya saratani, ili isizeeke, lazima iikunjue. Dawa ya Oindrila ni ile karafuu unayoichomeka: ikikaa barabara, jani halifunguki tena, na seli inakwama.

Kafurahi. "Kumbe ningekuwa profesa!" Kanipa moja. Nikaichomoa karafuu niitafune peke yake. Tambuu haikufunguka. Nikaitikisa. Wapi!

"Chokaa imezidi, imelinatisha jani," kasema Bibi. "Macho haya, mjukuu wangu."

Chokaa yetu ni chumvi, ile potasiamu. Ikizidi, mkunjo hushika wenyewe, dawa iwepo isiwepo. DNA tupu niliipima kwa chumvi mpya. Yenye dawa niliipima kwa chupa yake, iliyokaa mwaka mzima kifuniko kimelegea – maji yakipungua, chumvi ikibaki. Na sasa chupa ni tupu, nimeisuuza mwenyewe, hakuna wa kumuuliza.

Nikamweleza Bibi na ile sauti, sijui kwa nini. Kaweka majani chini. "Umeitika?" Nimegeuka tu, Bibi. "Usiitike! Huyo ni nishi. Huiga sauti ya umpendaye akuvute. Lakini hana uwezo wa kuita zaidi ya mara mbili. Ngoja ya tatu. Wa tatu ni mtu."

Nikamwambia nishi ni wa usiku, mimi naitwa mchana. "Siku hizi hata mizimu haina ratiba," kasema.

Nikacheka. Halafu nikakumbuka vipimo vyangu, nikaacha kucheka. Mara mbili.

Ijumaa, 16 Septemba

Unga uliobaki unatosha kipimo kimoja tu. Kabla sijaufungua, umeme umekatika. Nimemshukuru aliyeukata.

Jumamosi, 17 Septemba

Sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Mashine zimepumzishwa, zimevishwa maua, zimepakwa liwa ya sandali. Vishada angani, watoto wanapiga kelele za "bho-katta!" kila uzi unapokatwa. Nimesimama mbele ya mashine yetu mikono imefumbatana. Sijui nimeomba nini. Iseme kweli? Au iseme sabini na mbili? Maombi hayo hayakai mkono mmoja.

Jumapili, 18 Septemba

Kumbukumbu ya mwaka. Picha ya Oindrila imevishwa shada la maua meupe. Wamechagua ile anayocheka. Nilikaa nikiipa mgongo.

Profesa kamwambia Baba Oindrila kwamba dawa imeshika. Mzee kaja akanishika mikono yote miwili, mikono yake baridi. "Kwa hiyo mwanangu hakupoteza ujana wake bure?"

Nilitaka kusema hakupoteza. Ulimi ukagoma. Nikasema kesho napima ya mwisho, Baba. Uso wake ukafunguka. "Basi nitakuja nione kwa macho yangu."

Naogopa. Kuliko nilivyoogopa ile sauti.

Jumatatu, 19 Septemba

Naandika ubavuni mwa mashine. Chumvi mpya. Unga wote umeingia, nimesuuza hadi kijiko. Hakuna tena duniani.

Nyuzi hamsini. Mstari umetulia. Koti lake linacheza msumarini – ni feni tu.

Hamsini na tano. Mvua imeanza tena. Shika, dada. Shika!

Hamsini na nane. "Tutul!" – koridoni, karibu na sinki. Sigeuki. Naandika tu.

Sitini. Mstari umeshuka. Labda ni kiputo cha hewa. Labda –

Sitini na moja. Unazidi kushuka. Pale pale inapokunjuka DNA tupu.

"Tutul?" Mara ya pili. Nimefunga mdomo. Dada, mimi nimeiitika sabini na mbili yako mara mbili, nikakimbia nikitangaza. Ungekuwa wewe, ungengoja.

Sitini na nne. Hakuna kilichoshika.

"Tutul, mama, umo humu?"

Mara ya tatu. Ni mtu. Yuko mlangoni, mwavuli unachuruzika, kakumbatia boksi la sandeshi, vile vitamu vya maziwa, limefungwa kwa uzi mwekundu. Kasema hilo jina alilisikia kwa bintiye, kila jioni, Tutul hivi, Tutul vile, nisamehe kama nimekosea.

Nimeitika. Naam, Baba.

Kavuta kiti. Anaangalia mstari, hajui kuusoma. Anauliza, kwa upole, imeshika?

Naandika ili nisiinue uso.