Wanja wa Waridi

Kariakoo, 3 Machi 1936

Kaka Humoud, shikamoo.
Kifua chako kimepoa? Sisi wazima, na nyumba imejaa furaha: nimejifungua mtoto wa kike, Waridi. Baada ya wale wawili niliowazika, huyu sitaki hata upepo umguse. Shida ni wanja. Wa dukani una chenga, mtoto analia. Wewe unayewasagia Wazungu mawe huko Tabora, huna cha kumpa mpwa wako?
Mdogo wako, Badriya

Tabora, 16 Machi

Marahaba, mdogo wangu. Nimecheka peke yangu kama mwehu! Kifua ni vumbi tu, usijali.
Kazi yetu ni kusaga mpaka unga usisikike kidoleni. Ukibaki na chenga, picha yake ya miale, ile Wazungu wanayopiga Ulaya kujua jiwe ni la namna gani, hutoka madoa madoa. Na kinu huoshwa kwanza, jiwe la jana lisiingie katika la leo. Sasa kuna jiwe moja jeusi, linang'aa, lilelile la wanja wa bibi. Nimemsagia Waridi kwa mkono wangu. Mpake asubuhi na jioni.
Mjomba wake, Humoud

Kariakoo, 9 Juni

Kaka, shikamoo. U hali gani? Mimi sina raha.
Wanja wako mzuri mno, mtaa mzima ulikuja kumtazama Waridi. Ndipo wakamtia jicho. Hanyonyi, anatapika, juzi kashikwa na degedege. Nimezidisha wanja kumkinga: machoni, kwenye nyusi, kipaji chote cha uso. Niombee, kaka, huyu asiende.
Mdogo wako, Badriya

Tabora, 13 Juni

Badriya, mwoshe! Mwoshe kwanza, salamu baadaye.
Nimesoma barua yako nikakimbilia kwa bwana kumwuliza lile jiwe ni nini. Picha yake ilikwisha rudi. Ni madini ya risasi, mdogo wangu. Ni sumu, na kadiri linavyosagwa laini ndivyo linavyozidi kuingia mwilini. Mimi sikuuliza. Nililiona jeusi nikasema nalijua. Nimepiga simu ya maandishi, barua hii inafuata kwa treni. Mpeleke hospitali. Nijibu hata neno moja.
Kaka yako

Kariakoo, 20 Juni

Kaka,
Simu yako ilifika wanaume wakirudi kutoka makaburini. Tulikwisha mwosha. Wanja wa kwenye nyusi ulikataa kutoka, nikawaambia wauache.
Majirani wanasema ni jicho la Sitara, jirani aliyemsifu Waridi kuliko wote. Alikuja kulia nami, wakamfukuza mlangoni. Kesho nitawaambia ukweli, maana yule mama hana kosa.
Mama anauliza kama utakuja kwenye arobaini. Usije. Najua hukukusudia, wallahi najua. Lakini nikikuona nitataka kukuua, na sina ndugu mwingine.
Mama Waridi