Meno ya Nzilani

Mourine, uko? Nzilani ametoka hapa kwangu saa hii.

Amesimamishwa Lindi, hapa mtaani kwetu, pale vijana wameziba njia na mawe tangu matokeo ya kura yatangazwe. Hawakuuliza kitambulisho. Wamemwambia afungue mdomo. Afungue MDOMO, Mourine!

Akafungua. Si unajua meno yake, ile kahawia ya tangu utotoni. Mmoja akasema, "Hizi ni meno za wale watu wameiba kura. Huyu ni wao."

Akawaambia yeye ni Mkamba wa Kitui, kwao wamekunywa maji ya kisima yenye floridi nyingi, na hiyo floridi huharibu ganda la jino likiwa bado ndani ya fizi. Kijana akacheka, panga mkononi. "Ati maji! Maji inapaka mtu rangi?"

Yule mama anauza makaa Silanga, mtaa wa pili, ndiye alimwokoa. Alipiga kelele kwamba huyo ni mteja wake wa miaka. Wakamwachilia, lakini wakamwambia, "Hiyo mdomo tumeiweka akilini."

Sasa sikiza. Kufika nyumbani, kabla aje kwangu, binti yake Mwende akamkimbilia. Huyo mtoto amelelewa na nyanya yake Kitui, kisima ni kile kile, ameletwa Krismasi akiwa na pengo mbele. "Mami, ona, jino limeota!"

Jipya kabisa, Mourine. Na tayari lina madoa ya kahawia.

Nzilani hakumpongeza. Alimfunika mdomo na mkono, akamwambia, "Ukiwa nje, usicheke."