Barabara za Maziwa

Chepsaita,
kupitia Posta ya Turbo.
Tarehe 6 Septemba

Mwanangu Kipkorir,

Nakusalimu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima huko Perth, na kwamba baridi uliyoilalamikia mwezi wa saba imeanza kupungua. Sisi huku tu wazima. Magoti ya mama yako humsumbua asubuhi, lakini yakishapata jua humtii. Mahindi yamenipita kimo na yanatoa ndevu. Dada yako Jeruto bado anafundisha kule Soy, na yeye pia hajambo. Mama yako angekutumia salamu zake mwenyewe kama angejua nakuandikia. Anadhani niko hapa mezani kuandika taarifa ya kamati ya kanisa.

Utashangaa kupokea karatasi yenye stempu wakati tuna simu. Sababu ni kwamba kila kinachoingia au kutoka kwenye simu yangu hupitia kwa Jeruto, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kuitumia na ndiye anayenisomea maandishi madogo. Haya ya leo sitaki ayaone.

Nianze pale ulipoanza wewe. Mwezi wa tano ulipiga simu ukasema una marafiki unaotaka kuwaonyesha nchi. Mngeshukia Mombasa, mkodi magari mawili, mpande mpaka kwetu bila kushika barabara kuu, kwa kuwa barabara kuu, ulisema, ni migongo ya malori tu. Ukaniomba mimi, kwa vile nilifundisha jiografia maisha yangu yote, nikutafutie njia za ndani zenye mandhari ya kupendeza. Na mwisho wa safari, ukasema, ni chai ya mama. Simu ilikuwa kwenye spika. Mama yako alikuwa anachambua maharagwe, na aliposikia neno hilo sinia lilimponyoka. Ni miaka sita tangu uondoke, Kipkorir. Nilimsaidia kuokota maharagwe, moja moja.

Sasa nikueleze jinsi barabara za ndani zinavyotafutwa, maana uliletewa ramani lakini hukuelezwa ilivyopatikana. Kanuni ya kwanza ni kufuata maziwa. Maziwa hayangojei mtu. Yakichelewa yanaharibika, kwa hiyo wafugaji wenyewe huhakikisha njia ya gari la maziwa inapitika, masika na kiangazi. Ukiona mitungi imepangwa mdomoni mwa njia asubuhi, jua njia hiyo itakufikisha. Kanuni ya pili ni kuogopa barabara za mahindi. Hizo huonekana pana na nzuri mpaka mavuno, kisha malori huzilima kuliko trekta. Kanuni ya tatu ni kuuliza wanawake. Mwanamume atakueleza barabara ilivyokuwa siku aliyokuwa na gari. Mwanamke atakueleza ilivyo leo, kwa sababu amepita hapo leo.

Kwa kanuni hizo nilitoka na Githinji, rafiki yangu mwenye duka pale Yamumbi. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa akikupa peremende na kuandika kwa jina langu. Ana pikapu yake ile ya zamani ambayo haizimiki kwa sababu, kama asemavyo, ikizima haiwaki. Tulitoka safari tatu, kipande kwa kipande. Alinicheka njia nzima. Pale tulipokwama kwenye tope karibu na Kipipiri, alikozaliwa, alishuka, akaangalia magurudumu, akaniambia: "Mwalimu, tangu lini mtoto akatafutiwa barabara ya kwenda kwao? Wangu wanajua njia hata wakiwa wamelewa." Nilimjibu kwamba wewe unaijua njia, ni wageni wako wasioijua. Dada yake, Virginia, alitulaza na kutulisha viazi siku mbili, na akatupa habari ya njia moja ya ukingoni mwa msitu ambayo hata Githinji hakuijua.

Hivyo ndivyo tulivyopata ile njia: kutoka Kibwezi kupitia Mutomo na Kitui, kuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashamba ya mpunga, kuvuka Nyandarua kwa barabara za maziwa, kuteremka Marigat, kupanda Kabarnet, kuteremka tena mpaka daraja la mto Kerio, na kupanda Tambach hadi Iten, ambapo bonde lote liko chini yako. Toka Iten nilichora kipande cha mwisho kwa uangalifu zaidi kuliko vyote: Moiben, Ziwa, Soy, kisha kwetu, bila kuingia Eldoret mjini kabisa. Nilichora hata geti letu na ile misipresi miwili. Niliichora yote kwenye karatasi ya manila, Jeruto akaipiga picha akakutumia. Ukajibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa. Jeruto alinieleza kwamba maana yake ni asante.

Mama yako aliijua ramani hiyo kuliko wewe. Kila jioni aliniambia nimsomee, nami niliweka kidole Mombasa nikapanda nacho taratibu. Tulipaka nyumba rangi. Tulichimba choo kipya nyuma ya ghala, kwa sababu alisema wageni wako wasije wakatuona washamba. Na wiki ile ya kuja kwenu alitengeneza mursik, maziwa yetu ya mgando, katika kibuyu cha marehemu bibi yako. Najua unajua, lakini wacha nieleze: mtu akitoka safari ndefu hapewi chai kwanza. Chai ni ya kila mtu. Hupewa mursik, mkono kwa mkono, kabla hajakaa.

Ijumaa ukaandika kwamba mmelala Kabarnet na kwamba kesho yake mngekula chakula cha mchana nyumbani. Basi Jumamosi asubuhi kiwanja kilijaa. Walikuja jirani, walikuja wa kanisa, shangazi yako alikuja na kuku wawili. Mimi nilishindwa kungoja. Nilimwomba Githinji anipeleke Iten nikawapokee pale ukingoni, niwaongoze kile kipande cha mwisho. Mama yako akanimiminia mursik kwenye kibuyu kidogo, akanipa na kikombe cha bati, akasema nikuonjeshe huko huko njiani ili ujue umefika.

Iten ilikuwa na manyunyu. Githinji alinivika koti lake la mvua, lile jeusi lenye kofia, akaenda kuziba pancha. Nikabaki kando ya ukuta wa mawe, kibuyu kwapani. Ukungu ulikuwa unaanza kuachana, na mto ulikuwa unajitokeza kule chini.

Naam, mwanangu. Nilikuwa pale.

Magari mawili yakapanda kutoka Tambach. Nilikujua kabla hujafunga mlango, kwa vile unavyotanguliza bega la kushoto. Ningekuita hapo hapo. Lakini mazoea ya darasani hayamtoki mtu: mwanafunzi akifika mbele ya mandhari, unamwacha atazame kwanza, ndipo ueleze. Nikasema moyoni, mwache alione bonde. Nikajigeuza nusu nikangoja.

Yule msichana wa kofia nyekundu, mliyekuwa mkimwita Sharon, alikuwa na ramani yangu kwenye simu. Akauliza mbona mstari unaendelea, mbona kuna miti na geti. Kijana mmoja akasema lazima ni kwa huyo mzee aliyechora, twendeni tukamsalimie, hatutakosa ugali. Mkacheka. Nawe ukasema, na nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwako: "Ah, zii. Huko hakuna kitu. Ni mahindi tu." Sharon akauliza mchoraji ni nani basi. Ukamwambia ni mwalimu fulani mstaafu, mzee anayependa sana kueleza.

Hilo la mwisho ni kweli, na sikulichukia.

Ni Sharon aliyeniona. Alikuja mpaka ukutani, akasema, "Habari, Mzee. Hiyo si ni mursik? Unauza?" Nilimwambia kwamba ya nyumbani haiuzwi, lakini mgeni hanyimwi. Nikamjazia kikombe. Alipiga funda, akafumba jicho moja, akacheka kwamba imemshinda, akakuletea wewe akisema, "Maliza hii, ni ya kwenu."

Ulipokuwa na umri wa kwenda nasari ulitutia aibu kwa shangazi yako. Ulitema mursik yake mbele ya watu ukasema si ya mama. Hukukosea. Mama yako husugua kibuyu kwa mkaa wa senetwet pamoja na mti mwingine ambao hata mimi hajawahi kunitajia. Ladha hiyo haiko katika nyumba nyingine yoyote.

Ulipiga funda moja ukasimama. La pili ukalishikilia mdomoni. Ukatazama ndani ya kikombe, kisha ukainua uso ukanitazama. Kofia ya koti ilikuwa imerudi nyuma. Kati yetu hapakuwa na ukungu, wala mtu, wala gari.

Kisha ukanywa mpaka mwisho. Ukampa Sharon kikombe anirudishie, ukavaa miwani ya jua katika mvua ile, ukawaambia kwamba hali ya hewa inaharibika, mrudi chini.

Sikuita. Sauti ninayo bado. Lakini nilikuwa nimekuuliza swali kwa kikombe kile, nawe ulikuwa umeshanijibu.

Githinji alirudi akakuta magari yanazama kwenye kona za Tambach. Aliniangalia, akaangalia kibuyu, akanifungulia mlango wa pikapu. Tulipofika Moiben ndipo alisema kwamba mvua hii itawafaa waliochelewa kupanda. Nikamwambia ndiyo, itawafaa.

Nyumbani tulikuta ujumbe wako umeshatangulia. Jeruto alikuwa ameusoma mbele ya watu wote: gari limeharibika Marigat, mnasikitika, mtakuja wakati mwingine. Watu walikupa pole. Mchungaji akaliombea gari. Wakala wali na kuku, wakafungiwa vya kubeba, wakaenda. Mimi nilikaa pembeni na koti la Githinji mwilini, na wakadhani nimechoka.

Tangu siku hiyo nimepima sababu zote. Kama ni nyumba, tumeipaka rangi. Kama ni choo, kipya kipo. Kama ni mimi na maelezo yangu, ningenyamaza siku moja. Nimenyamaza misibani na mahakamani, nisingeshindwa mezani kwangu. Kama uliwaambia wenzako habari nyingine kuhusu unakotoka, ungeninong'oneza tu, nami ningekuwa mzee wa kuuza mursik mchana wote ule. Ningekuongoza mpaka getini na kukuita bwana. Haya siyasemi kwa upole, Kipkorir. Nayasema ili ujue kiasi ambacho ningeshuka kama ungeniomba.

Lakini si kwa ajili yangu nimeshika kalamu. Jioni ile, watu walipokwisha kuondoka, mama yako alikaa akaikunja ramani, akaikunjua tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Jeruto, Marigat si iko nyuma ya Kabarnet? Si Ijumaa walilala Kabarnet?" Ni mimi niliyemfundisha hivyo, kidole kwa kidole, miezi mitatu. Mtu aliyelala Kabarnet akija kwetu haharibikiwi na gari Marigat. Marigat amekwisha kuipita.

Nilimwambia kwamba Marigat ziko mbili.

Nimefundisha watoto wa Uasin Gishu mpaka nywele zikawa nyeupe, na sikuwahi kumdanganya hata mmoja mahali mji ulipo. Nimemdanganya mama yako. Aliniangalia, akasema, "Kumbe." Halafu akauliza mursik ya kibuyu kidogo ilinywewa na nani. Nikamwambia kuna msafiri aliimaliza. Akauliza kama aliipenda. Nikamwambia hakusema.

Kesho yake alikisugua kibuyu, akakitia mkaa upya, akakitundika. Kipo pale mpaka leo, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Jeruto anadhani ni cha Krismasi.

Sikuombi unieleze chochote. Nilichoona nilikiona, na maelezo ni kazi yangu mimi, si yako. Ila sitaweza kuitunza hiyo Marigat ya pili kwa muda mrefu. Mama yako anazeeka, lakini hajawa mjinga. Siku moja ataniuliza iko wilaya gani, na sitakuwa na jibu. Ni wewe uliyeijenga, ni wewe wa kuja kuibomoa, mbele yake, kabla hujakaa.

Kipande cha Iten mpaka kwetu bado ni kizuri. Magari ya maziwa yanapita kila asubuhi. Lakini mahindi yanakomaa, na kufikia Novemba malori yataingia, na baada ya hapo siwezi kuahidi barabara itakuwaje.

Wasalimie rafiki zako, hasa Sharon. Mwambie, kama utapata namna ya kumwambia, kwamba alinirudishia kikombe kwa mikono miwili, na kwamba watu wa kwao walimlea.

Ni mimi baba yako, mwalimu fulani mstaafu,

Gideon arap Maiyo.