Kivuli Nyuma ya Mtulinga

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo mlivyonilea. Moyo wangu leo hauko kwenye salamu.

Hapa Bariadi hatujambo. Pamba imeshachumwa, Mama amerudi kwaya, na lile koti lako la kijivu amempa baba mdogo wa Dutwa. Mimi nimemaliza chuo, sasa niko hospitali kwa mafunzo ya vitendo. Wenzangu wananitania kwamba mtoto wa tabibu hafundishwi kazi. Laiti wangejua ulichonifundisha.

Nilipoanza kusoma picha za eksirei za kifua nilikuwa naona moshi tu. Ulikuwa umeshastaafu, na kila nilipokuja likizo ulikuwa unabandika picha za zamani kwenye kioo cha dirisha la sebuleni ili mwanga wa nje uzipitie. Moyo wa mtu nikauita uvimbe, ukacheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Mayu, mama yangu, usikimbilie katikati," ulinielekeza. "Soma jina kwanza. Kisha mifupa, kisha moyo, ndipo uingie kwenye mapafu. Na usiache kuchungulia nyuma ya mtulinga, huu mfupa unaotoka begani hadi kifuani. Ugonjwa unapenda kujificha hapo."

Jumapili ile ya mwisho kabla sijarudi chuoni ulileta picha nisiyowahi kuiona. Kona yenye jina uliishika kwa kidole gumba. Nikakuuliza ni ya nani. Ukasema, "Ya mzee mmoja wa Maswa, humjui. Wewe soma."

Nikasoma kwa utaratibu wako, bila haraka. Nyuma ya mtulinga wa kulia nikaona kivuli cha mviringo, cheupe kidogo kuliko mazingira yake. Nikakigusa. "Baba, hapa pana kitu."

Uliinama ukakitazama. Nilidhani unanipima. Kisha ukasema, "Hapana. Hapo ubavu wa kwanza unaungana na mfupa wa kifua. Wanafunzi wote wanaogopea hapo. Ukikiona tena, kiache."

Nikaona haya. Ukaibandua picha ukaenda nayo chumbani, nami nikaliweka somo hilo kichwani kama nilivyoweka yote yaliyotoka kinywani mwako.

Nikarudi chuoni. Nikipiga simu nasikia unakohoa, unasema ni vumbi la pamba. Ukaenda Mwanza, ukasema unamsalimia rafiki yako wa zamani. Nilipoitwa nyumbani nilikukuta huwezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Saratani ya pafu, daktari alisema, na ilikuwepo muda mrefu. Tulipokuzika nililia nikiamini kwamba ugonjwa ulitushtukiza wote.

Sasa sikia kilichotokea hospitali. Alikuja mama mmoja mkulima kutoka Sola, amekonda, anakohoa. Picha yake ilipotoka, daktari anayetusimamia akaniita niisome. Nikafika nyuma ya mtulinga wa kulia, nikakiona kivuli kilekile. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Huo ni ubavu wa kwanza tu, daktari. Hauna shida."

Hakunigombeza. Alisema, "Watu wana ubavu wa kwanza pande zote mbili. Nionyeshe wa kushoto."

Kushoto palikuwa safi.

Baba, hapo nilikumbuka. Niliiona sebule yetu, dirisha, kidole chako gumba. Kushoto kwa yule mzee wa Maswa pia palikuwa safi. Wewe uliyesoma vifua vya watu maisha yako yote ya kazi, usingekosea hapo.

Yule mama alipimwa makohozi, akakutwa na kifua kikuu. Ameanza dawa, na juzi alikuja akicheka kwamba sasa anakula ugali kuliko mumewe. Nilicheka naye, kisha nikaenda kujifungia chooni nikalia. Ningemrudisha Sola na dawa ya kikohozi. Kwa mafundisho yako.

Nyumbani nilimkuta Mama anachambua mchele. Nikamuuliza ile picha ya Jumapili ilikuwa ya nani. Hakuinua uso.

"Ilikuwa yake," alisema. "Alitaka kuona kama utakiona. Ulipokiona alifurahi, mwanangu, alikuja chumbani anatabasamu. Halafu akakaa kitandani akaanza kutetemeka. Akaniapisha. Alisema ukijua, chuo hutarudi."

Ni kweli, nisingerudi. Ningekaa na wewe. Ningekupeleka hospitali Mwanza mwenyewe, ningekushika mkono, ningekuuliza yale niliyokuwa nasubiri kukuuliza ukizeeka. Hayo yalikuwa yangu kuchagua, Baba. Ukanichagulia, na Mama ukamfunga mdomo, naye ndiye niliyekuwa nalia kifuani kwake.

Kunificha ugonjwa wako ningekuelewa. Wazazi huficha. Ila ulichukua kitu nilichokiona sawasawa, kwa macho uliyoyafundisha wewe, ukaniambia sikukiona. Tangu siku ile ya mama wa Sola kila picha naisoma, naisoma tena, na bado naogopa kufungua mdomo. Usiku wa msiba watu walisema umeniachia taaluma. Umeniachia mashaka.

Na bado najua ulikuwa unanipenda. Hapo ndipo panaponiuma zaidi, maana ungekuwa mtu mbaya ningeshakusahau.

Mama nimeanza kuongea naye tena, taratibu. Kaburini kwako sijafika tangu anieleze. Mvua zikianza nitakuja naye tupalilie, lakini usitegemee maneno mengi.

Naahidi hivi: mgonjwa wangu nitamwambia ninachokiona, hata sauti ikitetemeka. Na siku mwili wangu ukinisaliti, watu wangu watajua kutoka kinywani mwangu, walie nami nikiwa bado nawasikia.

Lala, Baba. Sijakusamehe. Lakini lala.

Mwanao