Pampu Niliyochagua Mwenyewe

Nelima,

Mimi najua magari kuliko wanaume wote wa Kitengela, ndiyo maana pikapu yenu imekufa uani ikimwaga petroli. Usiiwashe. Maharagwe yako tayari, ongeza chumvi. Nimeenda Kajiado kurudisha pampu ya petroli dukani, halafu nimwombe fundi Kiama msamaha.

~~Kiama ndiye alichagua pampu.~~ Hapana. Yeye alisema ya kawaida, inayosukumwa na injini. Mimi nikanunua ya stima juu ya vile inanguruma kama paka ameshiba, nikamsingizia kwa bwanako Wanyama.

Leo asubuhi Wanyama alimfokea huyo mzee wa watu mpaka majirani wakatoka. Kiama akangoja amalize, akaniuliza polepole, "Mama, si nilikukataza hii? Presha yake inashinda kabureta, petroli inamwagika."

Wanyama akanigeukia. "Mama?"

Nikaanza kuita kuku, na hatufugi kuku.

Mama mkwe wako